Majibu kwa Wasomaji: Florence Knoll na Kazi ya Kupanga Ofisi

Katika toleo lililopita, makala yetu kuhusu wanawake katika taaluma za ujenzi ilimtaja kwa mstari mmoja Mmarekani Florence Knoll, mbunifu wa ndani ya majengo aliyebadilisha sura ya ofisi katikati ya karne ya 20. Mstari huo haukuwatosha wasomaji wetu wa Tanga, ambao wametuandikia barua nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne, tumezifupisha, na majina ya walioziandika tumeyahifadhi.

Swali kutoka Chumbageni

Shikamoo mhariri. Nimemaliza kidato cha sita na ninataka kusomea ubunifu wa ndani ya majengo. Baba yangu mdogo, ambaye ndiye atakayenilipia ada, anasema hiyo ni kazi ya kuchagua mapazia na maua, na kwamba kila mwanamke huifanya nyumbani kwake bila cheti. Huyo Florence Knoll mliyemtaja alifanya nini hasa, hata kazi hii ikahesabiwa kuwa taaluma?

Jibu

Marahaba, binti yetu. Baba yako mdogo hajasema jambo la ajabu, kwa kuwa hata huko Marekani kazi hii ilianza kwa sura hiyo hiyo anayoieleza. Mwanamke anayetajwa mara nyingi kuwa wa kwanza nchini humo kuifanya kazi ya kupamba nyumba kuwa ajira yake, Elsie de Wolfe, alikuwa mwigizaji wa jukwaani kabla ya kukabidhiwa vyumba vya Colony Club, klabu ya wanawake matajiri wa New York iliyofunguliwa mwaka 1907. Aliondoa mapazia mazito na rangi za giza zilizopendwa wakati ule, akaleta mwanga, rangi nyepesi na vitambaa vya maua, na matajiri wakaanza kumgombea. Hata hivyo, alichokuwa akiuza kilikuwa ladha yake mwenyewe, na ladha ya mtu ni vigumu kuifundisha darasani au kuipima kwa mtihani.

Florence Knoll aliingia kwa mlango mwingine. Alizaliwa kwa jina la Florence Schust katika mji wa Saginaw, jimbo la Michigan, tarehe 24 Mei 1917, na kabla hajatimiza miaka 13 alikuwa amefiwa na baba na mama. Alipopewa nafasi ya kuchagua shule ya bweni, alichagua Kingswood, shule ya wasichana iliyokuwa ndani ya Cranbrook, eneo la shule na chuo cha sanaa si mbali na Detroit, na huko mwalimu wake Rachel de Wolfe Raseman alimwongoza kuchora nyumba nzima, nje na ndani, akiwa bado mwanafunzi wa sekondari. Msanifu wa majengo ya Cranbrook alikuwa Mfini aitwaye Eliel Saarinen, ambaye familia yake ilimpokea yatima huyo kama mtoto wao na hata kusafiri naye kwenda Ufini wakati wa likizo. Kutoka hapo alisoma usanifu wa majengo katika Chuo Kikuu cha Columbia mjini New York, kisha London katika chuo cha Architectural Association, mpaka Vita vya Pili vya Dunia vilipomrudisha Marekani. Akafanya kazi kwa muda mfupi na wasanifu Walter Gropius na Marcel Breuer, kisha akahitimu mwaka 1941 huko Chicago chini ya Ludwig Mies van der Rohe, msanifu aliyekuwa mkali kuliko wote katika kudai kwamba kila kipimo kiwe na sababu yake.

Nimeyataja masomo hayo kwa kirefu kwa makusudi, binti yetu, kwa sababu ndiyo hoja ya kwanza unayoweza kumpelekea baba yako mdogo. Mwanamke huyo hakufika kwenye vyumba vya ndani kwa sababu hakujua kitu kingine. Alikuwa na elimu kamili ya kusimamisha jengo, na alipopata kazi katika ofisi ya wasanifu mjini New York alipewa sehemu za ndani kwa kuwa alikuwa mwanamke, akaichukua kazi hiyo ambayo wenzake wa kiume waliiona ndogo na kuifanyia hesabu ile ile waliyokuwa wakiifanyia kuta na mapaa.

Mwaka 1943 alijiunga na Hans Knoll, mfanyabiashara wa samani mzaliwa wa Ujerumani aliyekuwa na kampuni changa mjini New York, na mwaka 1946 wakaoana. Ndani ya kampuni hiyo Florence aliunda kikosi kidogo cha wabunifu kilichoitwa Knoll Planning Unit, na hapo ndipo ulipo mchango wake mkubwa. Kabla ya wakati huo, desturi ya ofisi nyingi ilikuwa mkubwa kuwekewa meza nzito ya mbao zenye nakshi, na watumishi waliobaki kupangwa palipobaki. Samani zilinunuliwa kwanza, kisha ikatafutwa nafasi ya kuziweka. Florence aligeuza utaratibu huo juu chini. Kabla ya kuchora mstari hata mmoja, kikosi chake kilikwenda kuwahoji watu wa ofisi inayohusika: wanafanya kazi gani, wanatumia karatasi na vifaa gani, wanahitaji kuwa karibu na nani. Majibu yakaandikwa, yakahesabiwa, na ndipo mchoro wa sakafu ukaanza.

Fikiria ofisi yoyote ya kupokea maombi ya leseni, ambamo mwombaji hupanga foleni kwenye dirisha la kwanza, hutumwa ghorofa ya juu kupata muhuri, hushuka tena kulipa, kisha hurudi dirisha la kwanza kuonyesha risiti. Mtu wa mapambo anaweza kupaka rangi nzuri kuta za ofisi hiyo, akaweka viti vipya vya kusubiria, na mwombaji akaendelea kupanda na kushuka ngazi kama zamani. Mtu aliyefundishwa njia ya Knoll angeanza kwa kukaa siku nzima na daftari, akiandika kila karatasi inakotoka na inakokwenda, na huenda ushauri wake wa kwanza ukawa kuhamisha muhuri ushuke chini, jambo lisilogharimu hata kopo moja la rangi. Kwa maoni yangu huo ndio ujuzi unaostahili ada, na ndio usiopatikana kwa kupanga sebule yako mwenyewe, kwa kuwa sebule yako unaijua na ofisi ya mtu mwingine hujaijua.

Florence hakudharau uzuri. Katika kuwaeleza wateja alikuwa na mtindo wa kuchukua mchoro wa chumba na kubandika juu yake vipande vidogo vya kitambaa chenyewe kitakachotumika na vya mbao zenyewe, kila kimoja mahali pake, ili mteja aone na kushika badala ya kuambiwa. Mbunifu wa leo anayekuja kwa mteja na ubao wa sampuli, hata kama hajawahi kusikia jina la Florence Knoll, anafuata njia aliyoitumia kwa ustadi mkubwa. Vitambaa vilipokuwa haba, naye akiona vilivyopo kwa ajili ya viti havimridhishi, alichukua vitambaa vya suti za wanaume na kuvishonea viti, kwa hoja kwamba kitambaa kinachovumilia goti na kiwiko cha mtu kitavumilia kukaliwa. Mwaka 1947 kampuni ikafungua idara yake ya vitambaa.

Kazi mbili kubwa zinatosha kuonyesha ukubwa wa jina lake. Ya kwanza ni makao makuu ya kampuni ya bima ya Connecticut General huko Bloomfield, Connecticut, yaliyofunguliwa mwaka 1957, ambako alishirikiana na wasanifu wa kampuni ya Skidmore, Owings & Merrill kupanga sehemu za ndani za jengo refu la ghorofa chache lililowekwa mashambani, nje ya mji. Ya pili ni jengo la kampuni ya utangazaji ya CBS mjini New York, lililosanifiwa na Eero Saarinen, mwana wa yule Eliel aliyemlea. Eero alifariki mwaka 1961 kabla jengo halijakamilika, na Florence akapewa sehemu ya ndani, akaimaliza katikati ya miaka ya 1960. Humo alichagua kila kitu, kuanzia rangi ya kuta hadi vibia vya majivu ya sigara, na nakiri kwamba hapo naona ukali wake ulipita kiasi, kwa maana mtumishi anayekaa mezani saa nane kwa siku anahitaji angalau sehemu ndogo ambayo ameipanga yeye mwenyewe.

Hans Knoll alikufa katika ajali ya gari huko Cuba mwaka 1955. Wengi wangetegemea mjane auze na kuondoka, lakini Florence alishika uongozi wa kampuni, akaiuza mwaka 1959 huku akibaki kusimamia ubunifu, na akastaafu mwaka 1965. Mwaka 1961 chama cha wasanifu majengo cha Marekani kilimpa medali yake ya dhahabu ya ubunifu wa viwandani, na mwaka 2002 akapokea Nishani ya Taifa ya Sanaa ya nchi hiyo. Alifariki Januari 2019 akiwa na umri wa miaka 101. Mwaka 1964, alipohojiwa na gazeti la New York Times, alisema kwamba yeye si mpambaji, na mahali pekee anapopapamba ni nyumbani kwake. Mpelekee baba yako mdogo maneno hayo, lakini kwa adabu, usije ukaonekana unamjibu mkubwa.

Kuhusu masomo yenyewe, Chuo Kikuu Ardhi cha Dar es Salaam kinafundisha fani hii kwa ngazi ya shahada. Ushauri wangu ni kwamba wakati unasubiri nafasi, ujifunze kupima chumba na kukichora kwa skeli kwenye karatasi ya miraba, na ukae hata mwezi mmoja katika karakana ya seremala hapo Tanga, kwa sababu mbunifu asiyejua ubao unavyokatwa huwaagiza mafundi mambo yasiyowezekana.

Swali kutoka Ngamiani

Assalaam aleikum, ndugu mhariri. Mimi ni fundi seremala. Mteja ameniletea picha kwenye simu ya meza ya mikutano ya watu 12, pana katikati na nyembamba kwenye ncha zake kama dau, akasema ni ya Florence Knoll na anaitaka kwa mbao za mninga. Mimi naona ni kupoteza mbao. Umbo hilo lina faida gani, na je, ninaruhusiwa kuiga?

Jibu

Waalaikum salaam, fundi. Faida ya umbo hilo inaonekana watu wakishakaa. Kwenye meza ndefu yenye pande zilizonyooka, mtu aliyekaa upande mmoja na mzungumzaji hawezi kumwona, kwa sababu majirani zake wote wako kwenye mstari ule ule, na akitaka kumwona inambidi ainame mbele au asogeze kiti nyuma. Meza ikipanuka katikati, waliokaa katikati wanasukumwa nje kidogo na waliokaa karibu na ncha wanageukia ndani, na kila mmoja anapata njia ya macho hadi kwa mwenzake. Florence Knoll aliitumia meza ya namna hiyo katika vyumba vya mikutano kwa sababu hiyo, na unaweza kuijaribu kabla hujakata ubao: panga viti vyako kwenye sakafu ya karakana, vuta kamba kutoka kiti cha kwanza hadi cha mwisho wa upande ule ule, na usogeze vya katikati nje mpaka kamba isimguse mtu.

Mpindo wenyewe hauhitaji kuwa mkubwa. Kila mtu akipewa sentimita 60, watano kila upande na mmoja kila ncha, urefu wa meza utakuwa mita 3.2 au zaidi kidogo, na upana wa sentimita 90 kwenye ncha na 120 katikati utatosha. Hiyo ina maana kwamba kila upande unatoka nje sentimita 15 tu. Usichukue ubao mpana ukakata kona zake. Unganisha mbao za kati zilizonyooka kwa urefu wote, kisha weka pembeni ubao mmoja mwembamba kila upande na mpindo uishie ndani ya ubao huo. Utakachopoteza ni vipande vyembamba vya ncha, ambavyo hata hivyo vitakufaa kwa kazi ndogo ndogo.

Jambo la kuogopa zaidi kuliko upotevu ni unyevu wa pwani. Mbao za mninga zimesifiwa kwa kutulia, lakini meza yenye upana wa zaidi ya mita moja itavimba kidogo wakati wa masika na kupungua wakati wa kiangazi, na ukiibana kwa skrubu ngumu kwenye fremu itapasuka au itajikunja. Toboa matundu ya skrubu yawe marefu kwa upande wa upana ili ubao uweze kucheza, na upake vanishi chini kama ulivyopaka juu, maana upande usiopakwa hunywa unyevu peke yake. Miguu isikae pembeni mwa meza. Isogeze ndani, karibu na mstari wa kati, ili magoti ya wajumbe yawe huru. Meza za Knoll zilisimama juu ya chuma kilichong'arishwa, lakini upepo wa bahari hula chuma cha aina hiyo kikiwa cha bei nafuu, na miguu ya msaji wa Longuza itadumu zaidi na itamgharimu mteja wako kidogo.

Kuhusu kuiga, nakujibu kwa desturi ya kampuni yenyewe. Hans na Florence Knoll walijulikana kwa kutangaza majina ya wabunifu wao na kuwalipa sehemu ya mauzo ya kila kiti au meza, wakati ambapo viwanda vingi viliwaacha wabunifu bila jina. Kampuni hiyo bado ipo, na tangu mwaka 2021 imeungana na kampuni nyingine ya samani, Herman Miller, kuwa MillerKnoll. Kwa hiyo usinakili kila kona ya meza yao na kuiuza kama ya Knoll. Kupanua meza katikati ili watu waonane ni wazo la kila mtu, nawe ukilitimiza kwa vipimo vyako, mbao zako na miguu yako, hiyo ni kazi yako, na mwambie mteja hivyo waziwazi kabla ya kupokea malipo ya awali.

Swali kutoka Makorora

Je, viti maarufu vya kampuni ya Knoll alivibuni yeye mwenyewe?

Jibu

Vingi hapana. Kiti kikubwa cha kujikunyata kiitwacho Womb, cha mwaka 1948, ni cha Eero Saarinen, ingawa ni Florence aliyemsumbua akitaka kiti kama kikapu kilichojaa mito, ambacho angeweza kukaa humo kwa mikao mbalimbali. Viti vya nyaya za chuma vya mwaka 1952 ni vya Harry Bertoia, rafiki yake wa tangu Cranbrook, na kiti cha Barcelona ni cha mwalimu wake Mies van der Rohe, aliyeiruhusu kampuni kukitengeneza. Vya Florence mwenyewe ni makochi ya mraba, makabati marefu ya chini na meza, ambavyo alivihesabu kuwa vya kujazia nafasi kati ya kazi za wengine. Mimi simkubalii hesabu hiyo. Kabati lake la chini ndilo lililoenea katika ofisi za dunia nzima, na barua inayofuata inaonyesha kwa nini.

Swali kutoka mjini Tanga

Shikamoo mhariri. Mimi ni mhazili katika ofisi iliyo ndani ya jengo la zamani lenye kuta nene na madirisha marefu. Meza ya mkuu wetu ni kubwa, ya nakshi, na imewekwa kimshazari kwenye kona, hivyo wageni wanabanana mlangoni na mafaili yamejaa sakafuni. Mkuu ni mtu mzima ninayemheshimu kama baba yangu. Je, Florence Knoll angeifanyaje, nami nimwambieje?

Jibu

Marahaba, mwanangu. Umeeleza chumba ambacho Florence Knoll alikikuta Marekani mara nyingi. Meza ya mkuu iliyokaa kimshazari ilikuwa ishara ya cheo, na kwa desturi iliandamana na meza nyingine nyuma yake iliyojaa karatasi. Ubaya wake unapimika. Ili mtu akae nyuma ya meza hiyo kwa raha, inabidi pabaki kama mita moja na nusu kutoka ukingo wa meza hadi kwenye kona, na pembetatu hiyo peke yake inameza zaidi ya mita mbili za mraba, mbali na nafasi ya meza yenyewe na vile vipembe viwili vya pembeni ambavyo havifai hata kwa pipa la takataka. Chumba chenu kikiwa cha mita nne kwa nne, mmeshapoteza zaidi ya sehemu ya nane kabla mgeni hajaingia.

Alichofanya Florence ni kuinyoosha meza iwe sambamba na ukuta, kisha akazitoa droo zote na kuziweka katika kabati refu la chini lililokaa nyuma ya mwenye meza, ambaye alihitaji kugeuza kiti tu ili kufikia faili. Meza ikabaki wazi kama meza ya kawaida, wageni wakaweza kuvuta viti pande zote, na ofisi ya mkuu ikawa pia chumba cha mkutano mdogo. Mwaka 1961 alitoa hata meza ya duara dufu isiyo na droo yoyote, ambayo mkuu na wageni wake huizunguka pamoja. Mpangilio huo umezoeleka sana leo, kiasi kwamba wengi hudhani haukubuniwa na mtu.

Kwa jengo lenu, kabati la chini lina faida ya pili ambayo haikuwa na uzito sana New York, ambako ofisi mpya zilifungwa madirisha na kupozwa kwa mashine. Nyumba za zamani za mjini Tanga zilijengwa kwa kutegemea upepo, na madirisha yale marefu yapo ili kusi na kaskazi zipite kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kabati refu la mafaili likiwekwa mbele ya dirisha, au chumba kikigawanywa kwa plaiwudi hadi darini kama inavyofanyika katika ofisi nyingi, upepo hukatwa, na baada ya hapo huanza malalamiko ya joto na maombi ya kiyoyozi. Kabati lisilopita kizingiti cha dirisha huhifadhi karatasi na kuuacha upepo upite. Msiazime kutoka kwa Knoll vioo vyake na makapeti yake mazito. Sakafu ya jengo kama lenu inafaa zulia la katani, ambalo limefumwa kwa nyuzi za mkoa wenu na haliogopi miguu ya wageni.

Sasa la kumwambia mzee. Usimwambie kwamba meza yake imekaa vibaya, maana huenda aliiweka mwenyewe au aliirithi kwa mtangulizi aliyemheshimu. Pima chumba kwa futi kamba, kichore kwenye karatasi ya miraba, mraba mmoja kwa sentimita 20, kisha kata vipande vya karatasi vya meza, viti na makabati kwa kipimo hicho hicho. Mpelekee siku ambayo hana wageni wengi, umwombe akusaidie kutafuta mahali pa mafaili yaliyo sakafuni, na umuulize maswali ambayo kikosi cha Florence kingemuuliza: anapokea watu wangapi kwa wakati mmoja, anasaini karatasi nyingi saa ngapi, faili gani anazitaka karibu yake na zipi zinaweza kukaa kwako. Vipande vile muachie avisogeze kwa mkono wake. Akigundua mwenyewe kwamba kona inamla nafasi, hutahitaji kusema zaidi, na uamuzi utakuwa wake kama inavyopasa.

Meza ya nakshi isiuzwe wala isikatwe. Ikisogezwa na kunyooka sambamba na ukuta wa ndani, mgongo wa mkuu ukiwa upande wa kabati na dirisha likiwa ubavuni mwake, itafaa bado, na droo zake zikihamishiwa mafaili machache ya kila siku tu. Kabla ya kuagiza kabati, mwite fundi umeme aangalie soketi ziko wapi, kwa sababu katika majengo ya zamani mara nyingi ipo moja tu, nayo huwa kwenye kona ile ile mnayotaka kuiacha.